Maji Kawaida, Betri Nzima

Jumatatu, Machi 3

Mkuu wangu amesema leo mbele ya watu kwamba mimi nina maneno mengi, na mwenye maneno mengi ayaandike. Haya, nayaandika. Nimenunua daftari nene, tuone kati yangu na yeye nani atachoka.

Kazi yangu ni kutunza mtandao wa ofisi ya mto. Ukimwambia mtu hivyo anadhani unavua samaki. Mambo yenyewe ni haya: mbali kule juu, kwenye daraja kuukuu, kuna kisanduku kinachopima kina cha maji. Sisi tunakiita kipimo. Kila baada ya dakika kumi kinatuma taarifa kwenye seva yetu hapa ofisini, na taarifa hiyo tunaiita pakiti. Imeandikwa imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, na ndani ina maneno machache tu: maji sentimita kadhaa, betri nzima. Maji yakizidi mita tatu, seva inawasha king'ora kule bondeni na watu wanapanda barabarani.

Leo nimefanya jaribio la kabla ya mvua. Nina zana moja isiyo na picha wala vitufe vya kubofya, ni skrini nyeusi na wewe na amri zako unazoziandika herufi kwa herufi. Nayo inakuruhusu kutunga pakiti kwa mkono, uandike mtumaji unayemtaka na ndani useme unalolitaka. Nikatunga moja, nikaiandika kwa jina la kipimo, maji mita tatu na nusu. King'ora kikalia. Nikatunga nyingine, maji kawaida. Kikanyamaza.

Hapo hapo mama mdogo akapiga simu. Anakaa kule bondeni, nyumba ya tatu kutoka mtoni, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki.

"Mwanangu, nimekusikia," akasema.

"Shikamoo mama. Hiyo ni seva, si mimi."

"Marahaba. Seva ni nani tena? Mimi nakujua wewe."

Jumatano, Machi 5

Mvua imeanza. Viatu vimelowa, na vilikuwa vipya.

Jumamosi, Machi 8

Tumekwenda bondeni mimi na Buti kuwakumbusha watu. Buti ni fundi wetu wa nje, yule anayepanda kule juu kuangalia kipimo, na hajawahi kuonekana na viatu vingine zaidi ya mabuti ya mpira, hata kwenye harusi yake mwenyewe, wanasema. Nikaongea mimi. Kikilia, tokeni, pandeni barabarani, msichukue kitu. Kikinyamaza, rudini.

Jirani wa mama mdogo, Mshonaji, ambaye wanatenganishwa na ukuta mmoja na wanapigiana kelele kupitia ukuta huo huo, akanyoosha mkono. "Na kikilia nipo katikati ya gauni la bi harusi?"

"Unaliacha."

"Wewe hujawahi kuonana na bi harusi ambaye gauni halijaisha. Bora mto."

Watu wakacheka mpaka mkutano ukavunjika. Mume wake, fundi baiskeli, akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuyazoea. Nampenda yule mama. Ana mdomo, lakini siku niliyofaulu mtihani wa mwisho yeye ndiye aliyenishonea suti ya kwendea kuomba kazi, akakataa kabisa nisimshukuru.

Ijumaa, Machi 14

King'ora kimelia asubuhi. Watu wote wa bondeni wakapanda barabarani na watoto mgongoni, wakasimama kwenye mvua. Mto ulikuwa umetulia. Sababu ni kwamba kipimo kimekata kauli. Mfumo una sheria yake: kipimo kikinyamaza nusu saa, king'ora kinalia chenyewe. Ni sheria nzuri. Asiyejua kinachoendelea apige kelele.

Jumamosi, Machi 15

Kimelia mara tano. Ninakizima kwenye seva, nusu saa ikipita kinaanza tena.

Jumapili, Machi 16

Kimelia. Mama mdogo amesema safari hii amenisikia vya kutosha.

Jumanne, Machi 18

Buti amerudi kutoka juu akiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Gogo lililoletwa na maji limekipiga kipimo, kisanduku kimepasuka, ndani kumejaa maji, taa haiwaki. Kipya lazima kiagizwe. Mkuu akasema atalifuatilia kesho. Mkuu huyu hakuna anayemwita kwa jina lake. Akigeuka tu ni Kesho, hata mlinzi wa getini anamwita Kesho.

Mchana akaniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Kile king'ora, kizime kabisa."

"Siwezi, mkuu. Sheria ile iko ndani ya mfumo. Wenye nywila ni waliojenga, na wamenyamaza tangu Ijumaa."

"Una ile zana yako ya majaribio."

Nikamwelewa kabla hajamaliza. Nikamwambia hiyo ni kusema uongo kwa jina la kipimo. Hakukasirika. Ningependa kuandika kwamba alinifokea, lakini alivua miwani akafikicha macho, akaniuliza kwa upole kabisa: "Kikiendelea kulia hivi kila siku, siku ya kweli nani atatoka?"

Swali hilo nimeondoka nalo. 

"Siku mbili tatu tu," akasema, "mpaka kipimo kipya kije."

Basi nimekaa na skrini nyeusi jioni nzima. Seva si mjinga, haipokei kila kitu. Inaangalia anwani ya mtumaji. Inaangalia namba ya mfuatano, pakiti ya leo isiwe na namba ya jana. Na inajumlisha herufi zote za ndani ikalinganisha na namba ya uhakiki iliyo mwishoni, kuona kama ujumbe umefika mzima. Vyote hivyo nimevitengeneza kwa mkono. Mara mbili ikazikataa, mara ya tatu ikameza. Kwenye skrini ya ofisi taa nyekundu ikageuka kijani: kipimo kipo, sentimita 112, betri nzima. Kisha nikaandika programu fupi inayorudia kutuma kila dakika kumi.

Najua nilichokifanya. Lakini ile ya tatu ilipokubaliwa, nilipiga kofi moja peke yangu.

Alhamisi, Machi 20

Kimya. Bondeni wamelala. Mama mdogo amenitumia salamu kwa watu wanne tofauti.

Jumatatu, Machi 24

Makao makuu wamempigia Kesho simu kuuliza mbona mto una sentimita 112 asubuhi, mchana na jioni, na mvua inanyesha. Akaja kwenye meza yangu na kikombe chake cha chai. "Utie uhai kidogo," akasema.

Nimeutia. Sasa namba inapanda na kushuka kidogo kidogo, haikai mahali pamoja. Mvua ikinyesha hapa ofisini naiongeza kidogo. Betri nimeifanya ishuke jua likizama na ipande jua likitoka, kwa sababu kile kisanduku kinachajiwa na jua. Kila baada ya siku kadhaa pakiti moja inachelewa, maana huko juu mtandao ni wa kusuasua. Nimeweka hata hilo. Ukikaa ukaitazama, unaona mto. Nimemwonyesha Buti akasema, "Dada, hata mimi ningeamini."

Nilifurahi. Naandika kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, Machi 28

Kipimo kipya kiko njiani, anasema Kesho. Njia gani, hasemi.

Jumanne, Aprili 1

Mvua. Nimeshona kiatu.

Jumapili, Aprili 6

Nimekwenda kwa mama mdogo kumwambia ahame, aje akae kwangu mpaka mvua ziishe. Chumba ni kimoja lakini tutabanana. Alikuwa anapepeta mchele mlangoni, na Mshonaji ameketi kando yake anapinda upindo.

"Nihame na king'ora ninacho?"

"King'ora kinaweza kuharibika, mama."

"Si upo wewe."

Nikajaribu tena. Nikasema vyombo hivi havitabiriki, wasivitegemee sana, wautazame mto wenyewe. Mshonaji akainua macho. "Sikiliza huyu. Mwezi uliopita alitufundisha tusikilize king'ora, tukasimama barabarani kwenye mvua. Leo anasema tusikisikilize. Binti, amua."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Kipimo kimekufa, anayesema maji kawaida ni mimi. Maneno nilikuwa nayo, nilikuja nayo kutoka nyumbani.  Nikafikiria king'ora kikirudi kulia kila nusu saa, nikawafikiria wakipanda na watoto kwenye tope kwa ajili ya mto uliotulia, nikasema nitarudi wiki ijayo. Mama mdogo akanifungia mchele wa kuondoka nao.

Alhamisi, Aprili 10

Nimemwambia Kesho naizima programu yangu. Akasema sawa, izime, ila ujue wakazi walikuja hapa wiki ile wakaapa kwamba kikilia tena bure watakata waya. "Ukikatwa waya, siku ya kweli tutawaita kwa nini? Kwa filimbi?"

Nikaizima. Nusu saa ikapita, king'ora kikaanza. Robo saa baadaye Buti akapiga simu kutoka bondeni: kuna vijana wanatupa mawe kwenye nguzo, na mmoja ameshapanda na koleo. Nikaiwasha tena. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimwelekezee nani.

Jumamosi, Aprili 12

Nimewapigia waliojenga mfumo. Simu inaita, inaita, halafu muziki.

Jumatano, Aprili 16

Mvua kutwa. Mto wangu uko sentimita 139. Mto wa kweli sijui.

Ijumaa, Aprili 18

Buti amejaribu kupanda juu, barabara imekatika. Amerudi. Kesho amesema atajaribu kuomba gari kubwa zaidi. Nilimtazama, akatazama chini. Nadhani naye hapati usingizi. Zamani nilidhani ni mvivu tu. Sasa naona ni mtu anayeomba kitu mahali ambapo hawampi, halafu anarudi kwetu na neno pekee alilonalo.

Jumanne, Aprili 22

Hakuna mvua leo.

Jumamosi, Aprili 26

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Jua lilitoka. Baada ya wiki zote hizi, jua kali, anga safi. Njiani kuja zamu niliona nguo zimeanikwa kwenye kila uzio. Ofisini nilikuwa mimi na mlinzi tu. Nilifungua madirisha. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe.

Karibu na saa sita Buti akapiga simu. Alikuwa kwao, ambako ni karibu na juu kuliko sisi. "Dada, huku imenyesha tangu jana mchana bila kupumzika. Mto umebadilika rangi. Unaunguruma."

Nikageuka nikatazama skrini. Kijani. Sentimita 131, betri nzima. Nikamwambia, nakumbuka kabisa nilivyomwambia, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: "Mbona kwangu ni kawaida?"

 Buti akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kukuamsha: "Si ni wewe hiyo?"

Nilikuwa nimesahau. Mwezi mzima nimeitazama taa ile, na kwa dakika ile moja niliitazama kama mtu mwingine yeyote, moyo ukatulia. Niliutengeneza ule mto vizuri mpaka nikajidanganya mwenyewe.

Nikatupa simu mezani nikakimbilia skrini nyeusi. Nikatunga pakiti kwa mkono, mita nne. Nilikosea namba ya uhakiki, seva ikaikataa. Nikaandika upya. Ikakubali. Taa ikawa nyekundu. Nikampigia mama mdogo, na kabla hajasema neno nikakisikia king'ora ndani ya simu yake.

"Tokeni, mama. Ni kweli leo. Tokeni wote."

"Tunatoka, mwanangu, usipige kelele. Na jua hili?"

"Imenyesha juu. Pandeni."

Nikamsikia anagonga ukuta na kumwita Mshonaji. Nikasikia milango, watoto, mtu anacheka. Nikawasikia wanapanda, mama mdogo anahema. Akaniambia wameshafika barabarani, na Mshonaji yuko hapo naye, amekuja na pini mdomoni. Nikakaa kwenye kiti. Nilidhani tumeshinda.

Halafu king'ora kikanyamaza. Nilikisikia kikinyamaza ndani ya simu.

"Kumbe yale yale," akasema mama mdogo. Hakuwa hata na hasira.

Nilitazama skrini. Kijani. Sentimita 130. Programu yangu. Ilikuwa bado inaenda kwenye dirisha la pili, sikuizima. Katika haraka ile nilifikiria kuandika tu, sikufikiria kwamba pale pembeni mimi bado ninaongea. Dakika zake kumi zilifika, ikatuma kama ilivyofundishwa, maji kawaida, na seva ikawaambia watu wa bondeni kwamba hatari imekwisha. Kikinyamaza, rudini. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Nikapiga kelele kwenye simu kwamba wasirudi. Mama mdogo akasema, "Nimekusikia, mimi nimesimama." Nikamwambia wazuie na wengine. Akawaita. Nikaizima programu, nikaandika tena mita nne. King'ora kikaanza upya.

"Wanapanda tena," akasema. "Wanapanda. Mwanangu, Mshonaji simwoni. Amesema anakwenda kuchukua cherehani."

Baada ya hapo sikusikia maneno, nilisikia mto. Mama mdogo aliacha simu wazi, sijui kama alijua. Niliisikiliza mpaka ikakatika.

Jumapili, Aprili 27

Wamempata.

Jumatatu, Aprili 28

Nyumba ya mama mdogo imebaki kuta mbili. Yeye yuko kwangu, amelala kitandani, mimi sakafuni.  Jioni aligonga ukuta wa chumba changu mara mbili kwa kiganja, halafu akauondoa mkono.

Alhamisi, Mei 1

Tumezika juzi. Sikuandika. Watu wote wa bondeni walikuwepo. Amekufa mmoja tu, walisema, wengine wote tumepona, tushukuru. Fundi baiskeli alisimama wima muda wote. Watoto wao wakubwa walikuja kutoka mbali. Nilisimama nyuma kabisa.

Jumatatu, Mei 12

Imeundwa kamati. Kesho amesema nijikaze na nijibu nitakachoulizwa tu.

Jumatano, Mei 21

Leo ilikuwa zamu yangu mbele ya kamati. Watu watatu na mezani chupa za maji. Mwenyekiti ni mama mmoja mpole mwenye shali, na kulia kwake ameketi mhandisi aliyepewa kumbukumbu zote za seva azichambue. Sikungoja kuulizwa. Nilisema yote tangu Machi, gogo, king'ora, zana, programu, dirisha la pili. Sikumficha Kesho na sikujificha mimi. 

Mhandisi akafungua karatasi zake. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza nami kama mtu anavyozungumza na mgonjwa.

"Binti, nimezipitia hizi pakiti moja moja. Anwani ni ya kipimo. Mfuatano haujaruka. Uhakiki uko sahihi. Betri inashuka usiku na kupanda asubuhi, siku baada ya siku. Kuna pakiti zinachelewa, na Machi kuna siku nne za kimya, kama mtandao wa kule unavyofanya. Mtu habuni vitu kama hivi."

"Nilibuni mimi."

"Siku ya tukio kipimo kinaonyesha maji kawaida, kisha mita nne, kisha yanashuka, kisha mita nne tena, kisha kimya. Hapo ndipo kilipobebwa na maji. Mto ukizibwa na magogo hushuka kidogo kabla ya kuachia. Nimeshaona."

Nilimweleza kwamba kile kimya ni mimi. Nilipoizima programu, niliizima wakati ule ule ambao kipimo cha kweli kingekufa, kama kingekuwa hai. Niliomba kompyuta niwaonyeshe. Wakanipa. Nikaandika amri zangu mbele yao, seva ikapokea: kipimo kipo, sentimita 110, betri nzima. Kisanduku hakipo duniani, na seva inasema kipo. Nilidhani hilo litatosha.

"Tumeona kwamba unaweza," akasema mwenyekiti. "Tunajua ndiyo kazi yako, majaribio. Sisi tunauliza ulichofanya."

Zana yenyewe haiweki kumbukumbu ya ilichotuma. Ndiyo sababu niliipenda, nyepesi. Wakamwita Buti. Akasema alipofika kule Machi aliona taa haiwaki. Wakamuuliza kama anajua mambo ya mitandao. Akasema hapana. Wakamuuliza kama taa kutowaka ni hakika kwamba kimekufa. Akanitazama. Buti ana watoto watano na mkataba wa miezi mitatu mitatu. Akasema, "Hakika siwezi kusema." Daraja limechukuliwa lote, hakuna cha kwenda kuangalia.

Kesho aliulizwa mwisho. Akasema mimi ni mfanyakazi bora, nimefanya zamu mfululizo, nina uchungu wa jirani niliyemzoea.  Nadhani nusu yake ilikuwa inanihurumia kweli.

Wamenipa likizo nipumzike.

Ijumaa, Mei 30

Taarifa imesomwa kwenye mkutano wa wakazi. King'ora kilifanya kazi. Kililia mara mbili, kwa wakati. Aliyefariki alirudi kwa hiari yake kuchukua mali. Wakazi wanakumbushwa kutothamini vitu kuliko uhai.

Fundi baiskeli alikuwa mstari wa mbele. Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kila sentensi.

Jumamosi, Mei 31

Mama mdogo aliniuliza asubuhi tukiwa tunakunywa chai. "Wanasema alirudi kwa sababu ya cherehani. Mimi nilikuwepo. Alirudi kwa sababu kilinyamaza. Kilinyamaza kwa nini?"

Nikamwambia. Nilitumia maneno yasiyo ya kompyuta, nikamwambia kipimo kilikufa mwezi wa tatu na tangu hapo anayewaambia maji kawaida ni mimi, na siku ile nilijisahau nikasema maneno mawili kwa mpigo. Hakuniuliza ushahidi. Aliniamini palepale, kabla sijafika mwisho, niliona usoni.

Aliacha chai ipoe. Kisha akavaa kanga yake.

"Inuka," akasema. "Yule mwanamume analala na hasira na mke wake. Kila siku ananiambia, huyu mwanamke ameniacha kwa ajili ya cherehani. Nenda ukamwambie."

Hakuniita mwanangu. Sijui kama alisahau.

Tulimkuta fundi baiskeli kwa kaka yake alikohifadhiwa, ameketi uani na gurudumu mapajani, anakaza waya za gurudumu. Kulikuwa na majirani wa bondeni watano sita wanaongea kivulini. Nilimsalimia, nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia yote kama nilivyomwambia mama mdogo. Nikamwambia mke wake hakufuata cherehani kwa uroho. Alifanya nilichomfundisha. Kikinyamaza, rudi. Nilimwambia aache kumkasirikia, anikasirikie mimi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaliweka gurudumu chini. Akanishika mikono yote miwili, mikono yake ina grisi, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Binti," akasema, "mke wangu alikupenda, na sasa nimejua kwa nini. Lakini usijisingizie. Kamati walikuwa na mtaalamu. Amesoma kila kitu. Unataka nimsamehe, nakushukuru, nitajitahidi."

"Baba, si kujisingizia. Ni kweli."

"Najua unasema hivyo." Akanipangusa grisi kwenye mikono kwa ncha ya shati lake. "Kilicho kweli ni kwamba yeye alikuwa mbishi."

Nilimgeukia mama mdogo anisaidie. Alikuwa amesimama kwenye lango, anatazama nje.

Fundi baiskeli akaniinua, akanishika bega, akanigeuza kwa wale waliokaa kivulini. Akawaambia mimi ndiye binti wa king'ora, nimekuja kumpa pole, na siku ile bila mimi wangekwisha wote. Wakasimama. Wakanishukuru mmoja mmoja, wakaniombea maisha marefu, na mimi nikaitikia.